Kaskazi ni ile ile, mbona nyavu zaenda njia mbili?

SWALI: Naachia jarife, nyavu kubwa ya kuelea na maji, mbele ya Kiwayu. Tangu upepo wa kaskazi uanze, maji yanipeleka kusini. Mwenzangu wa Malindi asema yake yaenda kaskazini. Juzi nyavu zangu zikatoka nje, mashariki kabisa. Nani amekosea? (Nahodha, Kizingitini)

JIBU: Hakuna aliyekosea, nahodha, mnavua kwenye mikondo miwili. Wa Malindi huanzia karibu na Rasi Delgado, nyuzi 11 hivi kusini mwa ikweta, na huenda kaskazini mwaka mzima. Upepo wa kusi huutia kasi hadi ukapita noti 3 (noti 1 ni maili moja ya baharini kwa saa). Kaskazi huupunguza tu. Unaogeuka ni ule wa Somalia, ambao Disemba hadi Februari hushuka kusini. Hukutana baina ya nyuzi 2 na 4, yaani hapo hapo kwenu, na maji hukosa pa kwenda ila mashariki. Mahali pa kukutania huhama. Juzi palikufuata.

Msihukumu kwa tope la mto Sabaki. Wakati wa kaskazi hushuka hadi ghuba ya Malindi, lakini hayo ni maji ya pwani yasukumwayo na upepo na mawimbi. Nje yaweza kuwa kinyume.

Pima kabla ya kuachia. Chukua dumu la lita 5, ulifunge kamba ya urefu wa kina cha jarife lako, na mwishoni gunia lililotanuliwa kwa vijiti viwili vya msalaba, lenye jiwe. Tia maji dumuni mpaka ibaki shingo tu juu. Hapo ndipo wengi hukosea: dumu likielea juu hushika upepo, na kaskazi italipeleka kusini hata mkondo ukiwa haupo. Weka alama kwenye GPS ya simu, subiri nusu saa, weka nyingine.

Kipimo kimoja hakitoshi, hasa siku za bamvua, maji yajaapo na kupwa sana, kwani kujaa na kupwa vimo ndani yake. Rudia pale pale baada ya saa 6 na robo. Tuseme asubuhi lilikwenda mita 400 kaskazini, mchana mita 1,000 kusini: toa, gawa kwa mbili, mkondo wenyewe ni mita 300 kusini kwa nusu saa, noti 0.3 hivi. Huo unavulika.

Vipimo vyote viwili vikielekea mashariki, usiachie usiku. Kwa noti 1, saa 10 ni kilomita 18 nje.