Ghala la mzee nataka nilifanye ukumbi wa harusi, nianzie wapi?

SWALI: Mshauri habari za kazi. Mzee kaniachia ghala kubwa la mbao pale shambani, zamani lilikuwa la majani ya ng'ombe na mbolea, na juu kuna dari walikokuwa wanapanga marobota. Nataka liwe ukumbi wa sherehe, taa za urembo nishanunua, huko juu nimepanga akae dijei na watu wacheze. Mke wangu anasema naharakisha. Ni kweli?

JIBU: Shemeji yuko sahihi ndugu yangu, taa baadaye, anza na mlango. Ule mkubwa wa kusukuma pembeni najua wapiga picha wataupenda sana, lakini siku moshi ukitokea watu wote watauvamia kwa pamoja wakiusukuma kwenda mbele wakati wenyewe unaenda pembeni, hatoki mtu hapo. Kanuni za ujenzi za Marekani ziitwazo IBC, ambazo nchi kadhaa zimezichukua kama msingi, zinataka ukumbi wa watu 50 na kuendelea uwe na njia 2 za kutokea zilizoachana na milango inayofungukia upande wa kutokea. Kwa hiyo huo wa zamani ubakize kama pambo, toboa mingine.

Dari sasa. Robota likishawekwa limetulia, ila watu wanaruka kwa mdundo mmoja, uzito wao unapiga na kurudi na mbao zinatikisika vibaya mno. Asipande mtu mpaka mhandisi wa majengo aipime, hata dijei! Wewe mwenyewe chukua bisibisi uchome nguzo pale chini zinapogusana na ardhi, ikizama kirahisi ujue mchwa au uozo umeshaingia.

Usafi nao usikurupuke. Kinyesi cha popo na cha panya ukikifagia kikavu vumbi lake linaleta magonjwa ya mapafu, kimwagie maji kwanza na uvae barakoa nzuri. Paa kama ni yale mabati ya saruji ya kizamani usikate wala kutoboa, yanaweza kuwa na asbesto, zile nyuzi ambazo vumbi lake linadhuru mapafu, ita wanaojua. Waya za umeme ng'oa zote maana panya huwa wanatafuna, na jenereta likae nje mbali na madirisha.

Kibali cha kubadili matumizi ya jengo kiombe kabla hujatumia hela. Bima pia, ile ya shamba usidhani itakubali kulipa ukiwa unakodisha ukumbi, waambie mapema wakupe nyingine.