Mahali pa Kumpiga Picha Mbwa Mweusi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ukitaka kumpiga picha mnyama unayemfuga, nje ya nyumba, utachagua mahali gani, na kwa nini? Ninajibu kutoka Lindi mjini, ambako riziki yangu ni picha za pasipoti na za harusi. Miaka ya karibuni wameanza kuja pia watu wanaotaka picha za mbwa na paka wao, na makosa niliyoyafanya kwa mteja wa kwanza wa aina hiyo ndiyo yaliyonifundisha jibu hili: ninamtazama kwanza mnyama mwenyewe, kisha ninachagua saa, na mandhari ninaiacha iwe ya mwisho.

Mteja yule alikuwa na mbwa wa kienyeji, mweusi tii, aitwaye Bosi. Kwa tamaa ya kuziweka bahari na mashua katika picha moja, nikachagua ufukwe ulio jirani na mahali wanaposhushia samaki, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Kila nilipoinua kamera, Bosi alikuwa ameshaelekeza pua kwenye vichanja vya dagaa, na katika picha 40 na ushei nilizopiga, nyingi zilikuwa za mgongo na mkia. Zile chache alizonitazama hazikuwa na macho, kwa kuwa mchanga mweupe uling'aa kiasi cha kuifanya kamera ipunguze mwanga, na mbwa akatoka kama kipande cha kivuli chenye ulimi mwekundu. Ulimi huo ulipaswa kunishtua mapema, maana mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na Bosi alihema mdomo wazi tangu tulipofika. Siku hizi, kabla mnyama hajakanyaga mchanga, ninauweka juu yake mgongo wa kiganja changu, na nikishindwa kuvumilia hadi nihesabu saba, tunarudi nyumbani.

Siku hiyohiyo alitujia mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mbwa wako mzuri, lakini usimpitishe juu ya nyavu zetu, sisi tunatoka hapa tunakwenda kuswali." Nilikuwa na haki ya kuona haya, maana nimezaliwa pwani hii na ninajua kwamba kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ni wengi huku, kitu kilichoguswa na mate au unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo ninapopeleleza mahali, ninauliza pia nani anapita hapo, saa ngapi, na anakwenda wapi. Ufukwe usio na nyavu wala njia ya msikitini haukosekani, ila yataka kutembea kidogo.

Bahari sijaiacha, isipokuwa sasa ninaifuata kwa saa yake. Huku kwetu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na hupanda moja kwa moja kwenda juu, kwa hiyo mwanga laini hauzidi saa moja hivi. Mwanga huo lazima ukutane na maji yanayokufaa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maana yake ni kwamba alfajiri ya bamvua inakukuta maji yanatoka, yakiacha mchanga mgumu, wenye ubaridi, usio na nyayo hata moja, na unyevu wake unaakisi mbingu kama kioo. Mchanga wa namna hiyo hauna ule mng'ao mkali wa saa nne, na mbwa mweusi anaonekana hadi kope. Ukienda jioni ya siku hizohizo, utakuta maji bado yamejaa na ufukwe umebaki utepe tu. Kwa picha za jioni ni afadhali kungoja maji mafu, yaani siku za mwezi nusu, ambapo maji ya kupwa huangukia alasiri, ingawa hayaendi mbali. Mvuvi yeyote atakupa hesabu hii bila kutazama kalenda, na ndiye ninayemuuliza mimi.

Wateja wa Mtwara huniomba mara nyingi Msimbati, na siwalaumu. Lakini ufukwe ule umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga katika fukwe za hifadhi hiyo. Mbwa anayependa kufukua hana kazi mahali kama hapo, hata akifungwa kamba.

Wengine hutaka mashamba ya mikorosho. Hapo kuna majira ya kuangalia. Kuanzia Juni hivi hadi Agosti wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na sioni sababu ya kumwingiza mnyama katika vumbi lile wakati sisi wenyewe tunafunga vitambaa puani. Msimu wa kuokota nao una shida yake, kwa kuwa ganda bichi la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na mbwa huonja kila kinachoanguka. Mimi hupendelea baada ya msimu, mvua zikiwa zimeotesha majani. Hata hivyo matawi ya mkorosho hupitisha jua kwa vitobo, na mnyama hujaa madoa ya mwanga kama chui. Mwembe wenye majani mazito una kivuli kilicho bora zaidi.

Paka simhamishi kabisa. Paka aliyetolewa mtaani kwake hutafuta uvungu wa kujificha, basi anapigwa picha barazani kwake, mimi nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni ili kamera ilingane na macho yake. Huko Mikindani, kwenye nyumba za kale zenye baraza za mawe, nimeshapata hivyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kumpiga paka.

Naye Bosi nilimrudia baada ya wiki mbili, bila malipo. Picha ambayo mwenyewe ameitundika sebuleni haina bahari wala mashua. Niliipiga nyuma ya nyumba yao, saa kumi na moja jioni, Bosi akiwa amekaa ukingoni mwa kivuli cha mwembe ambao hulala chini yake kila siku, uso wake ukielekea uwazi wa mbingu na ukuta wa udongo ukiwa mbali nyuma yake. Ukiikaribia sana, ndani ya jicho lake la kushoto utamwona mtoto wa nyumba hiyo amesimama nyuma ya bega langu, ameinua kipande cha samaki wa ng'onda.

Msomaji wenu, Lindi