Kuwa kwenye bajeti si kuwa na hela

Ndugu, umeuliza mbona kivuko (daraja) cha Mto Mathare, Nairobi, kilichosombwa na mafuriko ya 2024 hakijajengwa na kimo kwenye bajeti ya kaunti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, sawa, lakini mgao wa Hazina ya Kitaifa huja kwa kusuasua, na bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti hela haitoki. Ikitoka, mishahara kwanza. Mwanakandarasi anayedai malipo ya zamani anaondoka, nondo zinashika kutu kando ya mto. Pesa zikifika Machi, masika nayo imefika. Nani atamwaga zege la nguzo Mto Mathare ukiwa umefura? Muulize MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, kama kandarasi imetiwa saini. Na uhakikishe barabara yenyewe si ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini ya serikali kuu, maana hapo utazungushwa bure.