Nozeli za Hilux: pima kabla hujafungua pochi

Wiki hii karibu maswali yote ni ya nozeli, vile vipulizi vya kuingiza dizeli kwenye silinda. Nimechukua matano. Nyie mnaoandika "gari linatoa moshi, tatizo nini?" bila kutaja injini, rangi ya moshi wala moshi unatoka saa ngapi, mtasubiri sana. Mimi fundi dizeli, si mganga.

Hilux Vigo yangu 3.0 asubuhi inagonga na kutoa moshi mweupe, baada ya dakika mbili tatu inatulia. Fundi anasema ninunue nozeli zote nne. Ni kweli? – Msomaji, Kahama

Amepima nini huyo fundi? Kama amesikiliza kwa sikio tu, usimpe hata mia.

Moshi mweupe asubuhi ni dizeli isiyoungua. Inaweza kuwa nozeli inadondosha, inaweza kuwa hita plagi (za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha) zimekufa, tena hizo ni rahisi mno kuliko nozeli. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, injini ikiwa ya moto na iko sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), usome kila silinda kompyuta inaiongezea au kuipunguzia mafuta kiasi gani. Inayozidi milimita za ujazo 3, juu au chini ya sifuri, ndiyo ya kushukiwa. Halafu funga mirija kwenye njia za marejesho (zinazorudisha dizeli iliyobaki kwenye nozeli) uone ipi inarudisha dizeli nyingi kuliko wenzake. Hapo sasa tuongee bei.

Na washa za shaba, zile pete za kuziba chini ya nozeli, je? Kwenye injini hii ya 1KD zikivuja, moshi wa silinda unaingia kwenye oili, masizi yanashuka hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la oili. Niliwahi kushusha sampu ya Vigo iliyofungwa nozeli mpya nne miezi michache kabla. Chujio lilikuwa limeganda jeusi kama ukoko wa ugali ulioungua. Fundi aliyezifunga alirudishia washa zilezile za zamani! Nozeli zilikuwa nzima. Injini ndiyo iliyokwenda. Nozeli ikitoka, washa mpya, hakuna mjadala.

Naweza kuchanganya mafuta ya taa kwenye tangi ili kusafisha nozeli? – Msomaji, Mbeya

Hapana. Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka.

Pampu ya dizeli ya Vigo inalainishwa na dizeli hiyohiyo, na mafuta ya taa ni mepesi, hayana mafuta ya kulainisha kama dizeli. Vyuma vinasagana, na vumbi lake linakwenda moja kwa moja kwenye nozeli ambazo nafasi zake za ndani ni sehemu chache tu za elfu za milimita. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, wewe unajichakachulia mwenyewe bure. Unataka nozeli zidumu? Acha dizeli ya dumu ya barabarani, nunua filta ya dizeli ya kueleweka, na mwaga maji yaliyokaa chini ya filta. Ile taa ya filta kwenye dashibodi hawakuiweka kwa ajili ya urembo.

Nozeli za mtumba za Kariakoo vipi? – Msomaji, Dar es Salaam

Zikipimwa kwenye mashine ya kupimia nozeli mbele yako, sawa. Zikifutwa kwa petroli zing'ae tu, umenunua mapambo. Na zile namba zilizoandikwa juu ya nozeli ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Zimeandikwa kwa sababu.

Fundi wangu hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja moja, injini ikiwaka, ajue silinda ipi imekufa. Inafaa kwa Vigo? – Msomaji, Singida

Kwa injini ya zamani iitwayo 3L inafaa, nimeifanya miaka na miaka. Kwa Vigo, mshike mkono kabla hajagusa spana. Presha ndani ya reli, bomba linalogawia nozeli zote dizeli, inafika karibu mara 1,600 ya presha ya hewa. Mchirizi mwembamba usioonekana unatoboa glavu na ngozi pamoja. Kidonda kinaonekana kama cha pini, hakiumi sana mwanzoni, mtu anajifunga kitambaa na kuendelea na kazi, na mkono unaozea ndani. Likitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli ya presha. Vivyo hivyo, usitafute panapovuja kwa kupapasa na kidole. Tumia kipande cha boksi.

Hilux yangu haili oili kabisa, kila nikipima naona imepanda kidogo. Hii si ni dalili ya injini nzuri? – Msomaji, Iringa

Oili haizaliani, ndugu yangu. Chomoa kijiti cha oili, unuse. Kikinukia dizeli, kuna nozeli imeshindwa kufunga: inamwagia silinda, inaosha oili ukutani na kushuka nayo sampu. Usiliwashe tena gari hilo. Livutwe hadi gereji, na ukifika usianze kwa kumwaga oili ukidhani umemaliza. Anza na nozeli.