Mwaka wako Marekani unaisha? Soma hapa kabla hujafunga begi

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa kijana anayefundisha Kiswahili katika chuo kimoja kule Kansas. Muda wake unakwisha Mei. Ananiuliza: "Mwalimu, ukisharudi nyumbani inakuwaje?" Nikaanza kumjibu kwa ujumbe wa sauti, nikaongea weee, mwisho nikaufuta. Haya mambo yanataka kuandikwa, na najua wenye swali hilo wako wengi, ila wanaona aibu kuuliza.

Kwa wasiofahamu, hapa naongelea ule mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, unaoitwa FLTA, unaolipiwa na serikali ya Marekani. Wanachukua walimu vijana, umri ni 21 hadi 29, wanawapeleka vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa hivi. Unafundisha lugha yako, na wewe mwenyewe unasoma kozi chuoni hapohapo. Ukimaliza unarudi, huo ndio mkataba. Mimi nilipangiwa Madison, jimbo la Wisconsin. Kuomba, usaili, ubalozini na safari yenyewe vimeshaandikwa sana, sina la kuongeza.

Kazi niliifanya, na nitaisema bila haya. Wanafunzi wangu waliingia darasani Septemba hawajui hata kusalimia. Aprili, kijana mmoja wa kilimo alisimama mbele akaeleza kwa Kiswahili jinsi ng'ombe wa maziwa wa babu yake wanavyokamuliwa kwa mashine, upatanisho wa kisarufi umenyooka: kiwele kimeoshwa, maziwa yamepoa, mirija imesafishwa. Siku ile nilitoka darasani natembea kama bwana harusi.

Sasa rudi Mwanza, mwanzoni mwa Juni. Uwanjani walinipokea na Hiace nzima. Wiki ya kwanza ilikuwa ya pilau. Wiki ya pili wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mtu na shida yake na kiasi chake: ada ya mtoto, bati za kumalizia nyumba, mtaji wa dagaa. Nilikuwa nimeleta chokoleti. Watoto walifurahi, lakini niliona watu wazima wakichungulia begi kuona kama chini kuna simu.

Watu hawajui kwamba ile ni posho, si mshahara. Unapewa ulipe pango, ule, upande basi, ununue koti la kukuokoa na baridi. Ukijibana sana unabakiza kidogo. Nilijaribu kueleza hilo kwenye kikao cha familia, mjomba wangu akanikata: "Binti wa jirani alikwenda Oman kufanya kazi za ndani, kajenga. Wewe umekwenda Marekani kwenyewe, umerudi na vitabu." Watu wakacheka. Shikamoo mjomba naendelea kumpa, ila neno lile halijatoka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa pesa, na wa pili pia ni wa pesa. Kabla hujarudi, mtafute mtu mmoja mwenye sauti kwenye ukoo wenu. Kwangu angefaa shangazi, maana yeye akisema, mjomba ananyamaza. Mweleze hesabu yako yote, unapata ngapi, unatumia ngapi, unarudi na ngapi. Mwache yeye awatangazie wengine ukiwa bado uko huko, ili ukitua habari iwe imeshazoeleka. Halafu tenga pesa ya kuishi miezi mitatu bila kumtegemea mtu, na hiyo usiiseme kwa yeyote, hata huyo shangazi.

Kazini napo. Vipindi vyangu vya kidato cha tano na sita vilikuwa vimeshagawiwa. Sikatai, wanafunzi wasingekaa bila mwalimu mwaka mzima wakinisubiri. Nikapewa kidato cha kwanza, mkondo wenye watoto karibu mia, wengine wanakaa watatu kwenye dawati la wawili. Hilo nililibeba. Kilichonichosha ni "Mmarekani". Nikisema kikao kianze saa iliyoandikwa kwenye tangazo, najibiwa "Mmarekani, huku si kwenu." Marekani sikuitaja mimi! Hata kabla sijasafiri nilikuwa nalalamikia vikao vya saa nane vinavyoanza saa kumi.

Kule kila mwalimu ana saa zake za kukaa ofisini, zimebandikwa mlangoni, na mwanafunzi yeyote anaingia na swali lake. Nikasema hili halihitaji bajeti. Nikaandika karatasi, Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, nikaibandika kwenye mlango wa stoo ya vitabu. Kesho yake nikaitwa kuulizwa ni nani aliyeniruhusu. Karatasi ikatoka. Mimi nikaendelea kukaa palepale saa zilezile, bila karatasi. Jumanne ya kwanza hakuja mtu. Alhamisi wakaja wasichana wawili na insha waliyopewa alama tisa kati ya ishirini, wanataka kujua zile kumi na moja zimekwenda wapi. Siku hizi wanapanga foleni, na wapo walimu wenzangu wanaowatuma watoto kwangu kimyakimya.

Kichekesho kilikuwa Julai 7. Ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Nikaombwa nizungumze mbele ya shule nzima, nikajiandaa kueleza jinsi vijana wa Wisconsin wanavyohangaika na ngeli zetu. Nusu saa kabla, nikaambiwa nizungumze kwa Kiingereza "ili wanafunzi wasikie lafudhi". Nilizungumza kwa Kiswahili. Mpaka leo kuna mtu hanisalimii vizuri kwa ajili hiyo.

Halafu hadithi. Ndugu yangu, chunga hadithi. Unarudi umejaa, kila ukiona kitu mdomo unafunguka: "kule bwana..." Watu wanakupa siku chache tu za kukusikiliza. Chagua zile zinazowahusu. Mimi zilizonisaidia ni za ziwa. Madison imezungukwa na maziwa, na kubwa kuliko yote linaitwa Mendota. Kipupwe linaganda mpaka watu wanatembea juu yake, na wavuvi wanaingia katikati na keekee ndefu wanatoboa barafu. Wanapata tundu la kutosha kupitisha samaki, wanaondoa vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu kama wa kuepulia maandazi, wanakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kijiti kifupi chenye mshipi. Wapo wanaoburuta hema dogo na kuwasha jiko humohumo, juu ya maji! Nilisimulia hiyo Kirumba sokoni, kwa watu wanaouza sato na sangara maisha yao yote. Mzee mmoja hakuniuliza habari za magari wala maghorofa. Aliuliza, "Samaki mwenyewe anakuja upesi au anachelewa?" Nikamwambia anachelewa, baridi inamlegeza. Akaitikia kwa kichwa, tukaongea uvuvi mpaka jua likazama. Nilikuwa sijaongea hivyo na mtu tangu nirudi.

Usilinganishe, basi. Au linganisha moyoni. Najua utaudhika na foleni, umeme ukikatika, mtu aliyekuahidi asubuhi akitokea jioni. Lakini hivyo vilikuwepo na ulikuwa unavimudu kabla hujaondoka. Vijana wengi wanaorudi wanageuka walalamikaji wa kulipwa, kila kitu cha nyumbani wanakitemea mate, halafu wanashangaa mbona hawana marafiki. Mshukuru Mungu umeona kwingine, kisha shika chaki. Ulikwenda kwa kodi za watu na kwa maombi ya mama yako, kwa hiyo watoto wanaokaa watatu kwenye dawati wana haki yao kwako. Kama hilo huliwezi, usijiite mwalimu. Nimesema kwa ukali kwa sababu nimewaona, na mmoja wao alinidharau hadharani kwamba nimerudi kukaa kijijini. Mwanza ni jiji, kwanza.

Na kuhusu pesa tena, anza mapema kutafuta wa kuwafundisha ukiwa nyumbani. Nina wanafunzi wachache wa mtandaoni, wawili kati yao ni wale wa Madison. Kipindi cha baridi tumepishana saa tisa, kwao saa tano asubuhi kwetu ni saa mbili usiku, nimeshakula na nyumba imetulia. Hiyo ndiyo inalipa intaneti na mengine.

Mwisho makaratasi, maana ndiyo kijana aliyasahau kuuliza. Omba nakala rasmi za matokeo ya kozi zako ukiwa bado chuoni, zaidi ya moja, kwenye bahasha zilizofungwa. Usikimbilie kufunga akaunti ya benki, kwa sababu mapato ya Januari hadi Mei unayatolea hesabu ya kodi mwaka unaofuata, ukiwa umesharudi. Fomu yako ya DS-2019, ile ya mpango uliyoombea viza, itunze. Na kwa sisi wa viza ya J-1, yaani ile ya mipango ya kubadilishana, tuliolipiwa na serikali, kuna sharti la kukaa nchini kwako jumla ya miaka miwili kabla ya kupata viza ya kazi ya kundi la H au ukaazi wa kudumu kule. Siku unazokaa nje ya nchi yako hazihesabiwi, hata ukienda Nairobi kwenye harusi, kwa hiyo usitupe pasipoti ya zamani yenye mihuri.