Maswali ya Wasomaji: Cadillac ya 1941 Inauzwa, Nikague Nini?

SWALI: Nipo Houston, Texas. Kuna mzee anauza Cadillac Series 62 ya 1941, milango 2, nyeusi. Anasema injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, ila gari limelala gereji zaidi ya miaka 20. Rangi inang'aa. Nianzie wapi kukagua?

JIBU: Anzia kwenye paa, hata kabla ya kufungua boneti. Mwaka 1941 Cadillac walitoa gari mbili za milango 2 ambazo wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa makusudi. Series 61 paa lake linateremka moja kwa moja hadi karibu na bampa ya nyuma. Series 62 ina buti lililojitokeza. Kupima urefu hakutakusaidia, kwa sababu zote zina inchi 126 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Zilipokuwa mpya 61 iliuzwa dola 1,345 na 62 dola 1,420.

Sasa fungua boneti utafute kibati cha Fisher (waliotengeneza bodi) kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Penye Style panatakiwa pasomeke 41-6227. Ikifuatiwa na herufi D, hiyo ni Deluxe. Kisha safisha bloku kwa brashi na mafuta ya taa usome namba ya injini. Ya Series 62 ya 1941 huanza na 834, 835 au 836, ya Series 61 huanza na 534, 535 au 536. Usiipite haraka hatua hii, maana enzi hizo namba ya injini ndiyo ilikuwa namba ya gari, na ndiyo utakayoikuta kwenye hati nyingi za umiliki. Injini hii, V8 ya inchi za ujazo 346 yenye nguvu farasi 150, iliendelea kutengenezwa hadi 1948, na wakati wa vita kifaru chepesi cha M5 kilifungwa mbili kwa pamoja. Kwa hiyo kukuta Cadillac ya 1941 ina injini ya 1947 si ajabu hata kidogo, na gari linaweza kuwa zuri tu. Shida ni karatasi: namba ya bloku na ya hati zikitofautiana, muuzaji azirekebishe karatasi kwanza yeye, kwa jina lake, ndipo utoe pesa.

Bloku yenyewe ndiyo roho ya bei. Valvu za injini hii zimekaa ndani ya bloku, pembeni ya silinda, kwa hiyo joto la valvu huingia kwenye chuma cha bloku yenyewe. Gari likichemshwa mara kadhaa, chuma hupasuka kati ya kiti cha valvu na silinda. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Fundi apime kompresheni silinda zote 8. Hapo namba kubwa isikufurahishe sana; angalia tofauti. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi inavujisha kati yao. Ikiwa moja tu iko chini, shuku valvu iliyoungua au ufa. Bloku iliyopasuka hushonwa, ila si na kila fundi, na si kwa bei ndogo.

Rangi nyeusi inayong'aa huficha mengi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa chembamba, ipitishe chini ya milango, kwenye madigadi ya nyuma na sakafu ya buti. Inapoteleza bila kushika, chini yake kuna puti. Ukimaliza, hesabu vipande vya kromu kimoja kimoja. Grili, urembo wa boneti na vikombe vya taa vilimiminwa kwa aloi ya zinki, ambayo huvimba na kutoboka vishimo kutoka ndani. Kukirudishia kipande kimoja kromu kunataka kung'oa ya zamani, kuchimba kila kishimo, kujaza shaba na kusugua tena na tena. Wanunuzi wengi huogopa injini na kusamehe grili. Sisi tungefanya kinyume.

SWALI: Nimeshanunua ya aina hiyo, nipo Columbus, Ohio. Haijawashwa miaka mingi. Nibusti tu betri nijaribu?

JIBU: Hapana, usipige stata kwanza. Toa plagi zote 8, mimina kijiko kikubwa cha oili nyepesi kila tundu, acha siku mbili tatu, kisha zungusha injini kwa mkono. Ikigoma, ongeza oili na usubiri; ukilazimisha, ringi zilizoganda zitakatika. Petroli ya zamani imwage yote. Kama hujapata mahali pa kujazia, ni chini ya taa ya nyuma ya kushoto: taa yenyewe inainuka. Usiwashe kwa tenki hilo. Tumia kidumu safi na mpira mpya hadi tenki lioshwe.

Ikiwaka, utasikia valvu zikigonga, maana zinajirekebisha kwa presha ya oili. Sauti ikiisha baada ya muda mfupi, ni kawaida. Ikiendelea injini ikishapata moto, kuna ugando ndani. Mwaga oili na kuweka mpya baada ya maili chache. Na kabla gurudumu halijazunguka, badilisha mipira ya breki. Breki zote 4 zinategemea masta silinda ya njia moja: mpira mmoja ukipasuka, pedali inazama hadi sakafuni.

SWALI: Phoenix, Arizona. Gari likipata moto, stata inazunguka kwa uvivu na mara nyingine injini haiwaki kabisa. Nibadilishe mfumo uwe wa volti 12?

JIBU: Bakia na volti 6. Hayo ni magonjwa mawili. Stata ya uvivu husababishwa mara nyingi na nyaya nyembamba za magari ya kisasa: volti zikiwa nusu, umeme unaohitajika ni mara mbili. Weka kebo nene ya saizi 2/0 na ukwangue ilipofungwa hadi chuma kitupu, hasa ya bodi. Fundi akipiga stata, weka mita kati ya nguzo ya betri na skrubu ya stata. Ikizidi nusu volti, bado kuna mahali umeme unapotea.

Kutowaka ni petroli kugeuka mvuke kwenye bomba, maana ya leo huchemka mapema kuliko ya 1941 na pampu imefungwa kwenye injini yenye moto. Ongeza pampu ya umeme ya volti 6 karibu na tenki, yenye swichi inayoizima pampu hiyo presha ya oili ikishuka, isiendelee kumwaga petroli kama ajali imetokea.

SWALI: Yangu ina gia za otomatiki, Hydra-Matic, lakini haina P (ya kuegesha). Naegesha vipi mlimani?

JIBU: Zima injini, ndipo uweke R (ya kurudi nyuma), gia itajifunga. Vuta na breki ya mkono.