Ruwaza katika msimbo: hutambuliwa au hugunduliwa?

Swali: Natafsiri mwongozo wa programu inayosoma msimbo wa Java na kuonyesha ruwaza za usanifu (design patterns, yaani njia zinazojulikana za kupanga sehemu za programu) zilizomo. Mwenzangu ameandika "ugunduzi wa ruwaza moja kwa moja". Je, ni sahihi?

Jibu: Ningebadilisha mambo mawili.

Kugundua ni kufikia jambo lisilokuwa likijulikana: gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Kutambua ni kukijua kitu kwa alama zake, kwa kuwa sura yake unayo tayari. Ndiyo maana polisi huandaa gwaride la utambulisho. Programu yako iko kwenye gwaride. Imepewa sura za ruwaza zinazojulikana, aghalabu zile 23 za Design Patterns, kitabu cha Gamma na wenzake cha 1994, nayo hulinganisha: klasi (kielelezo cha kuundia vitu vya programu) ipi inarithi ipi, ipi ina uga (nafasi ya kuwekea data) wa aina ya nyingine, ipi inaiita nyingine. Kwa Singletoni, ruwaza ya klasi yenye kitu kimoja tu, hutafuta konstrakta (kiunda-kitu) binafsi, uga tuli, yaani wa klasi nzima, wa aina ya klasi yenyewe, na kazi tuli inayourudisha. Basi andika "utambuzi". "Ugunduzi" uwekee programu inayoibua miundo inayojirudia bila kupewa orodha yoyote.

Neno hili litakufaa hasa kwenye makosa. Ruwaza za Hali (State) na Mkakati (Strategy) ni pacha: kila moja ina klasi inayoshika kitu cha aina dhahania, yaani inayotaja kazi tu na kuziachia klasi nyingine kadhaa kuzitekeleza. Kwa muundo pekee hazitenganishwi. Mara nyingi inabidi msimbo unaosomwa uendeshwe, ifuatiliwe nani anabadilisha kitu kile: katika Hali, mabadiliko hutoka ndani kadiri kazi inavyoendelea, katika Mkakati, kwa kawaida huchagua anayeitumia klasi. Kwa hiyo utaandika mara nyingi "imetambuliwa kimakosa". Ukiandika "ugunduzi wa kimakosa", msomaji atadhani ni bahati, kitu kimeonekana bila kutafutwa.

"Moja kwa moja" liondoe. Linakumbusha matangazo ya mpira. "Kiotomatiki" linatosha, ingawa mimi napenda "kwa programu".

Ruwaza yenyewe mwenzako kapatia. Ngeli ni I-/ZI-: ruwaza hii, ruwaza hizi, si "maruwaza". Asishawishike kuweka "kiolezo". Kiolezo hunakiliwa kilivyo, ilhali ruwaza huandikwa upya na kila mtu kwa majina yake, ndiyo maana haipatikani kwa kutafuta maneno tu ndani ya faili.